Nyimbo Mia Mbili na Diski Inayogonga

Watu huniambia nisamehe. Nimesamehe. Lakini hasira bado ninayo, na nitaieleza.

Binti yangu alikuwa na miezi saba, na mimi nilikuwa nachapa kazi za watu hapa Machakos mjini: barua, mitihani ya shule za msingi, programu za mazishi. Akina mama wa kwaya ya kanisa wakaniletea madaftari manne ya nyimbo zao za Kikamba niwatengenezee kitabu. Nyimbo mia mbili na kumi. Kikamba kina i na u zinazovaa kofia, alama ndogo juu yake, na kibodi yangu haikujua habari ya kofia. Kila moja niliivalisha kwa mkono, mtoto akiwa kwenye titi. Miezi miwili.

Nilipomaliza, mume wangu akayaona madaftari mezani.

"Hizi ziko kwa kompyuta?"

"Ziko."

Basi. Akayapeleka kwa mama yake, anayeuza njugu karanga pale stendi. Mama mkwe akachana kurasa, akakunja, akafungia njugu. Watu wakatafuna, wakatupa nyimbo za kwaya barabarani.

"Si ulisema ziko kwa kompyuta?" mume akaniuliza, macho makavu.

"Nilisema ziko. Nilisema uzigawe?"

Wiki hiyohiyo laptop ikaanza kugonga ndani. Tak. Tak. Inaganda, halafu tak tena. Nikaikimbiza kwa fundi wa kompyuta karibu na soko. Aliiweka sikioni kama daktari.

"Madam, hii diski inaaga."

"Inaaga iende wapi na nyimbo zangu?"

Akanieleza kwamba dawa ni kukloni: unanakili diski nzima, kila kitu vile kilivyo, kwenye diski mpya, kisha unatoa ya zamani na kuweka mpya mahali pake. Ingechukua saa nne au tano. Ila ikianza isikatike, kwa sababu ile ya zamani ikizimika pengine haitaamka tena.

Siku hizo stima ilikuwa inapotea kila mchana, mtaa baada ya mtaa, na kwa fundi vilevile. Betri yangu ilikuwa inakaa dakika tano, ikiwa imefurahi. Nyumba niliyoijua isiyokosa stima ilikuwa moja tu: ya mwenyekiti wa akina mama, aliyekuwa na mashine ya kutotoa vifaranga, mayai mia tatu ndani, na jenereta nyuma ya jiko ili mayai yasipoe. Mwenyekiti mwenyewe wa kwaya! Mtu niliyekuwa namkwepa tangu siku ya njugu.

Nikaenda. Mtoto mgongoni, fundi nyuma yangu na begi lake.

"Tunaomba tu stima kidogo, mama."

"Karibuni. Lakini msifungue hiyo mashine, vifaranga vinatoka kesho."

Fundi akaweka diski mpya kwenye kikasha chake chenye waya, akawasha laptop kwa CD yenye programu ya kukloni. Ikauliza: unakili kutoka diski gani, kwenda gani? Diski zote mbili zilikuwa za ukubwa mmoja; fundi akasema ya chini kwenye orodha ndiyo mpya. Fundi akabonyeza ya chini, akabonyeza ya juu, kidole kikaelekea kwenye neno la kukubali. Nikamshika mkono.

"Ngoja. Ya chini umesema ndiyo mpya?"

"Eeh."

"Na umechagua kutoka ya chini. Mpya iko na nini ya kunakili?"

Akaondoa kidole. "Woi. Pole madam, ni hii joto ya mayai."

Joto ya mayai! Angepangusa kazi yangu ya miezi miwili kwa diski tupu. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwenyekiti akatoka jikoni.

"Kwani mnanakili nini cha kupigania hivyo?"

"Nyimbo."

"Si mko na madaftari?"

Nikachoka kukwepa. Nikamwambia yote, mpaka stendi, mpaka njugu. Akavuta stuli.

"Mama mkwe wako nitamwona Jumapili. Sasa endeleeni, na hapa hakuna mtu anatoka."

Fundi akageuza, nikasoma mara mbili kabla hajabonyeza. Asilimia moja. Asilimia mbili. Saa nane, tulipokuwa kwenye arobaini na tisa, stima ikapotea. Mwenyekiti alikuwa nje tayari, anavuta kamba ya jenereta. Ikakohoa. Ikanyamaza. Betri ikaanza kupiga kelele. "Vuta, mama!" fundi akalia, na mwenyekiti akamjibu, "Navuta, au unafikiri nafua nguo?" Mara ya sita ikashika.

Kwenye saa kumi na moja ikaisha. "Kuna mahali imeruka, palikuwa pabovu," fundi akasema, akifungua skrubu. Akabadilisha diski. Laptop ikawaka, kimya, bila kugonga. Kila wimbo nilikuwa nimeuhifadhi peke yake, kwa hiyo nikafungua mmoja mmoja, zote. Tatu zikakataa kufunguka.

Nikamsomea mwenyekiti majina ya hizo tatu.

"Huo wa kwanza hata haufai, unaburuta watu," akasema. "Lakini andika."

Akanipokea mtoto, akamweka magotini, akafumba macho, akaanza kuimba. Sauti yake ilishinda ya jenereta.

"Polepole, mama, siwezi kukimbia hivyo."

"Wimbo haungojei mtu."

Alipofika ubeti wa pili kwa mara ya nne, nikainua mikono.

"Hayo maneno hukuyaimba mara ya kwanza."

"Nilitunga mimi huo wimbo. Nimeyapenda haya zaidi. Andika haya."

Nikaandika hayo.