Jino la Baba
Mtaalamu wa miamba ana mazoea ambayo dereva wake hajayazoea mpaka leo. Akiokota jiwe hulifuta kwenye suruali, akalilamba, kisha akalizungusha juani taratibu kwa vidole vilivyojaa makovu, huku akilisemesha kama mtoto aliyepotea njia: "Haya, na wewe umetoka wapi?" Mifuko yake inaning'inia kwa uzito, na kiti chake garini hakikosi changarawe. Leo dereva uvumilivu ukamshinda.

"Mama, niwie radhi, lakini haya mambo uliyaanzaje?"

Akacheka. "Kwa jino la baba, kaka. Nyumbani mimi ndiye niliyekuwa nachambua maharage, na siku hiyo kijiwe kimoja kikanipita. Baba kuuma tu, kaa! Jino vipande viwili. Nyumba nzima ikamkimbilia. Huyu na maji, huyu na chumvi, huyu pole, pole."

"Na wewe?"

Akalilamba tena jiwe lake, akalitia mfukoni.

"Mimi nilikuwa chini ya meza nalitafuta jiwe. Nikalikuta zima, halina hata mkwaruzo."