Udongo wa Nyigu

Mkunga aliyenizalisha alikuwa mwanamke mkali. Alichemsha uzi, akapitisha kisu motoni, akakata na kufunga kitovu cha mwanangu, kisha akanionya: "Usikitie kitu, mwanangu. Kiwache kikauke chenyewe."

Mimi subira sikuumbiwa. Siku ya saba ilikuwa inakuja, mbuzi wa akika keshafungwa uani, wageni watatoka Konde, na kitovu bado kibichi. Nikaona haya kumtoa mtoto vile mbele ya wakwe. Siku ya pili tu nikabandua kiota cha udongo cha nyigu kwenye boriti, nikakisaga, nikamnyunyizia kitovuni, kama mama yangu alivyotufanyia sote. Sikumwambia mtu.

Kilikauka vizuri sana, nami nikajisifu.

Asubuhi ya akika mtoto alikataa ziwa. Alilitaka, maskini, ila kinywa hakikufunguka. Kufika adhuhuri mwili umekakamaa, mgongo umepinda, na mlango ukigonga tu anashtuka mwili mzima. Wakasema ni pepo, akaletwa mtu wa kumsomea. Mbuzi alichinjwa, mtoto akapewa jina. Siku ya tisa alifariki. Mkunga yuleyule ndiye aliyemwosha.

Matanga hayajaisha, maneno yakaanza: kisu cha mkunga. Mama mkwe alilitamka kwanza, kijiji kizima kikalipokea. Wajawazito wakaacha kumwita. Nami nilikuwa nimekaa papo hapo, nasikia, nikanyamaza. Mungu anisamehe, nilinyamaza.

Miaka miwili baadaye muuguzi mmoja alitueleza wanawake kwamba udongoni na kwenye mavi ya ng'ombe mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hulala humo muda mrefu. Vikipata kidonda kibichi huzaana na kutoa sumu inayokaza mwili. Wenzangu walicheka: wadudu gani hao wasioonekana? Mimi sikucheka. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu zima mpaka leo. Aliyevunjika ni mwanangu.

Nilipokaribia kujifungua tena nilimwita mkunga yuleyule, mama mkwe akanuna. Alikuja, kazeeka, akanijulia hali. Nilifungua mdomo nimwambie, nikashindwa, nikalia. Hakuniuliza ninalilia nini. Kabla hata ya kunawa mikono aliomba fagio, akapanda juu ya kinu, akavibomoa viota vya nyigu kwenye boriti, kimoja kimoja, mpaka vikaisha.

Alijua tangu alipomwosha mwanangu. Naye hakumwambia mtu.