Sale na Mizizi Yake

Jamani, mpaka leo nikipita kijijini kwetu Akheri kuna watu hunitazama mikono kwanza ndipo waitikie salamu, na hilo nimejitakia mwenyewe.

Mdogo wangu Eliakunda, kitinda mimba wetu sisi tuliobaki bila baba na mama (mimi mkubwa, niliacha shule darasa la sita nikashika jembe), alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, anasoma biolojia, akaja likizo na agizo la mwalimu: arudi na mmea mzima wa kwao, mizizi, shina na majani, asipoupeleka hana maksi. Basi lake ni kesho alfajiri. Nikamwambia, "Wewe piga pasi nguo zako, mmea niachie mimi." Lakini msituni ni mbali, njia ina matope, nami nimevaa koti langu jipya la mitumba. Si pale mpakani na jirani yetu Mzee Kundaeli masale yamejipanga, ile mimea ya majani marefu tunayowekea mipaka ya mashamba? Nikang'oa moja, refu, nikaliosha mferejini mpaka mizizi ikang'aa, nikapita nalo sokoni kutafuta gazeti la kulifungia, kifua mbele, maana kaka wa msomi hapiti vichochoroni.

Sasa kwetu, mtu akionekana na sale mkononi anakwenda kuomba msamaha, na kosa si dogo. Mimi akili yote iko kwenye mizizi! Mama muuza ndizi akanionea huruma. "Pole baba, umemkosea nani?"

"Hili ni la chuo kikuu," nikajibu kwa maringo.

"Mungu wangu! Amekosana na chuo kizima!"

Watu wa sokoni wakaanza kunifuata, wengine ili wanisaidie kuomba msamaha, wengine umbea tu. Nikafika nyumbani na msafara nyuma, na mbele yangu Mzee Kundaeli amesimama juu ya shimo nililong'oa sale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeng'oa mpaka wangu, halafu unaniomba radhi kwa sale langu mwenyewe? Sijawahi kuona mwizi mwenye adabu hivi."

Ningefanyaje? Nikapiga magoti matopeni, koti na yote, nikamkabidhi. Sale halikataliwi, akalipokea huku mabega yakimtikisika kwa kicheko, akanipa jembe nilirudishe sale shimoni mbele ya mashahidi wote.

"Na mmea wangu, kaka?" Eliakunda akauliza, karibu kulia.

Mzee akaingia shambani kwake, akarudi na mche wa kahawa, mizizi na udongo wake. "Mpelekee mwalimu wako, mwanangu. Huu haugombanishi majirani."

Maksi alipata. Mimi siku hizi akiagiza mmea napanda msituni, hata mvua inyeshe, na koti naliacha nyumbani.