Kisanduku cha Anwani

Kabla ya kuwa fundi wa kompyuta, Gaolathe Ramasedi alikuwa mpanda nguzo za simu. Kompyuta alijifunza ukubwani, kwa ubishi tu, kwa sababu vijana walimwambia hataziweza. Akaziweza. Kufikia miaka hamsini na saba, katika hospitali ndogo ya kijiji chao, mwendo wa saa moja kutoka Serowe, neno lake juu ya mashine lilikuwa halina rufaa. Na hilo ndilo lililomponza, maana mtu akishazoea kutobishiwa, hata akikosea hakuna wa kumshika mkono.

Jumatatu moja ya Agosti alifika kazini na vumbi la kambi yake ya ng'ombe bado liko viatuni, akakuta ukumbi wa dawa umefurika watu. Siku hizi pale hakitoki kidonge mpaka jina la mgonjwa lionekane kwenye kompyuta, na asubuhi hiyo hakuna jina lililoonekana.

"Rra Ramasedi, umekuja!" alipaza sauti bibi mmoja aliyejifunika blanketi, kwani kule bwana huitwa rra na bibi mma. "Mashine zako zimegoma. Tuko hapa tangu alfajiri, na makalio yetu yameshakuwa benchi."

Watu wakacheka, naye akacheka, akakaa mbele ya kompyuta ya dirisha la dawa. Akaitazama anwani yake. Ilianza na 169, kisha 254, na hapo akaacha kucheka. Kompyuta ikiwashwa huomba anwani kwa kisanduku kimoja kilichoko chumba cha mitambo. Isipojibiwa, inajitungia yenyewe namba za namna hiyo. Namba hizo zinaitosha kuongea na wenzake waliokwama vilevile, lakini kwenye seva ya majina ya wagonjwa haifiki. Akaiamuru iiache anwani ile na kuomba upya. Ikasubiri, ikarudi na 169 ileile. Akabadilisha kebo, bure. Akahamia kompyuta ya pili, kisha ya tatu, zote ugonjwa mmoja. Basi mgonjwa si kompyuta, ni kisanduku.

Mpaka hapo alikuwa fundi, na fundi hasa. Angenyamaza akaenda kutazama, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini matroni Seabelo alikuwa amesimama nyuma yake, na ukumbi mzima ulikuwa ukimsubiri aseme neno.

"Kuna mtu amechezea waya kule ndani," alisema kwa sauti. "Jumamosi nani alifagia chumba cha mitambo?"

Macho yote yakamgeukia Mma Oteng, mfagiaji wa kibarua, mjane mwenye watoto watatu, aliyekuwa ameshika ndoo mlangoni.

"Ni mimi, rra," alisema. "Nilipangusa vumbi. Lakini sikung'oa kitu."

"Hukung'oa? Basi kisanduku kimejizima chenyewe!"

Watu wakacheka tena. Mma Oteng akatoka nje na ndoo yake.

Ramasedi akaenda chumba cha mitambo. Kisanduku kilikuwa kimezimika. Plagi yake iko mahali pake, imeshindiliwa vizuri, ila swichi ya soketi imezimwa. Akanyoosha kidole kuibonyeza, na kabla hakijafika akakumbuka.

Ijumaa asubuhi betri ya pikapu yake ilikuwa imekufa, na ng'ombe walikuwa wanamsubiri. Soketi ile ndiyo pekee isiyokatikiwa umeme hospitali nzima. Alichomoa kisanduku, akachomeka chaja ya betri. Alijua hakuna atakayegundua, kwa kuwa kila kompyuta hukopeshwa anwani ya siku nzima. Ilipofika saa sita, akiwa na haraka ya kuwahi njia kama kila mtumishi wa serikali mwenye ng'ombe, alizima swichi, akachomoa chaja, akarudisha plagi ya kisanduku. Swichi hakuiwasha. Ijumaa ikaisha salama kwa anwani za mkopo, na Jumatatu mkopo ukawa umekwisha.

Akaibonyeza. Taa za kijani zikawaka. Huko ukumbini akasikia vigelegele, wala havikumfurahisha. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, lakini huyu wetu alikuwa ameliona sasa, na lilimtisha.

Aliporudi, matroni alimpa karatasi. Ilikuwa barua ya kumwachisha kazi Mma Oteng mwisho wa mwezi, kwa uzembe uliokwamisha dawa za wagonjwa.

"Tia sahihi hapa, shahidi ni wewe," matroni alisema. "Huyo mama ananisikitisha, lakini leo watu wangeweza kufa."

Angeweza kuongea palepale. Badala yake aliikunja ile barua, akaitia mfukoni, akasema ataisoma kwanza. Kisha akatoka kumtafuta yule mama.

Alimkuta Mma Oteng nyuma ya jiko la hospitali, anakamua tambara ambalo lilikuwa limekauka zamani. Alikuwa amelia.

"Rra, nilikuwa nakusubiri," alisema. "Twende ukanionyeshe ule waya."

"Waya gani, mma?"

"Niliougusa. Nimewaza mpaka kichwa kinaniuma, siukumbuki. Lakini wewe ndiye unayezijua hizi mashine, ukisema nimegusa, basi nimegusa. Nionyeshe, nisije nikarudia. Hata wakinifukuza, nataka nijue."

Ramasedi aliona haya ambayo hajawahi kuyaona maishani. Mwanamke huyu hakumkasirikia hata kidogo. Alikuwa ameacha kuiamini mikono yake mwenyewe.

"Hukugusa kitu," alisema. "Ni mimi. Ijumaa nilichaji betri ya gari, nikasahau swichi." Akamwonyesha barua na kuichana vipande viwili. "Yamekwisha, mma. Nitamweleza matroni ofisini, taratibu."

Mma Oteng akatupa tambara ndooni.

"Ofisini?" aliuliza. "Mimi ulinisema ofisini?"

Hakusubiri jibu. Aliokota ndoo yake, akatangulia.

Ukumbi ulikuwa bado umejaa, foleni inasogea polepole, matroni yuko dirishani. Ramasedi alivua kofia, akasimama katikati.

"Jamani," alianza, akitazama sakafu, "ile habari ya asubuhi... aliyezima ni mimi."

"Ongeza sauti, rra," alisema yule bibi wa blanketi, wala safari hii hakucheka. "Asubuhi tulikusikia vizuri sana."