Zamu ya Kitinda

Mama Vifungo ni fundi cherehani, mwenye vidole vyepesi na ulimi mkali. Yeye na wenzake wanne, wanawake wazima wote, walikuwa na bendi ya nyimbo za kitoto: walikaa duara wakiimba na kugonganisha viganja kama wasichana wa shule. Wiki moja kabla ya kurekodi albamu yao ya kwanza, mdogo kuliko wote katika bendi, Kitinda, akafariki.

Wakarekodi wanne. Kila ilipofika zamu ya Kitinda kugonga kiganja, Mama Vifungo, aliyezoea kukaa kando yake, alinyoosha kiganja na kukiacha hewani.

“Pana pengo hapa,” akasema fundi mitambo wa studio. “Nilizibe?”

“Thubutu uone.”

Albamu ilipotoka, mama yake Kitinda alikuja dukani kupimwa gauni. Mama Vifungo akamwekea wimbo kwenye simu. Yule mama akasikiliza, akatabasamu.

“Hilo kofi ni la mwanangu. Tangu mdogo ana mkono mzito.”

“Lipi, mama?”

“Hilo.”

Mama Vifungo hakusikia kitu. Akaurudia wimbo, akaurudia tena. Mara ya tatu, pengo lilipofika, kiganja chake kikamwasha kama kimepigwa sasa hivi.