Nilivyopaka viti vya Peugeot yangu damu ya mzee, shemeji yangu akakaa juu yake na gauni jeupe

Wakuu, salaam kwenu wote, wenye V8 na wenye baiskeli.

Nimeona mwenzetu mmoja humu anauliza kama viti vya ngozi vya gari vinaweza kubadilishwa rangi. Jibu ni ndiyo, vinabadilika. Ila kabla hujanunua rangi, nisikilize mimi niliyepitia.

Ninayoandika hapa ni kweli. Mama Neema, mke wangu, yuko pembeni na miwani yake anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sipati upenyo.

Ilikuwa ile miaka ruksa ya biashara imeanza kunoga. Wa umri wangu mnakumbuka. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni na sukari, maduka ya Musoma rafu tupu, halafu ghafla mtu unayemjua anaagiza gari kutoka nje kama anaagiza soda.

Mimi nilikuwa nauza vifaa vya ujenzi, naishi Kitaji hapo hapo Musoma, na nilikuwa na Peugeot 504 niliyonunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Viti vya ngozi, rangi ya maziwa. Nikipaki sokoni watu wanachungulia ndani, wanatamani kugusa, mimi najifanya sioni.

Raha hiyo iliisha siku Masatu alipoleta Toyota yake.

Masatu ni mtu wa kwetu Mugango. Tumekua naye, tumeoga naye ziwani. Aliingia kwenye biashara ya sangara wakati mimi naona ni samaki wa kunukisha mikono tu, ikamkubali.

Na niseme mapema ili mnielewe. Kabla sijamuoa Nyangeta, ndiye huyo Mama Neema, Masatu naye alikuwa anapitapita kwao Butiama. Nikamuwahi kupeleka ng'ombe. Yeye akakubali yaishe, akaanza kumwita Nyangeta shemeji. Lile neno shemeji likitoka mdomoni mwake sikuwahi kulipenda.

Sasa hiyo Toyota ilikuwa na viti vya ngozi damu ya mzee, ule wekundu uliokolea. Havina ufa hata mmoja. Juu yake katandika vitambaa vyeupe vya kufuma, virefu, kama vya kwenye makochi ya sebuleni. Kila mwenye harusi mjini akawa anaitaka hiyo. Peugeot yangu ikashushwa cheo, ikawa ya kubebea wanakwaya.

Jumapili moja tumetoka kanisani, Nyangeta akainama dirishani kwa Masatu, akaangalia ndani, akasema, "Viti vimekubali kweli, shemeji."

Basi. Akaja kwenye gari letu, tukaondoka. Ugali wa mchana sikuumaliza. Wakuu, wivu nilioupata siku ile sijawahi kuupata hata kwa mwanaume mmoja aliyewahi kumwandikia barua.

Haikupita muda, mdogo wake Nyangeta anayeitwa Wegesa akapata mchumba. Ndoa ilikuwa ifungwe Kiabakari, kwenye kanisa la upande wa bwana harusi, na bibi harusi atoke kwao Butiama. Baba mkwe akaniita.

"Gari ya mkwe ndiyo itambeba binti," akaniambia. "Ila mkwe wangu, vile viti vimechokaga. Ukiona haiwezekani, si yupo yule rafiki yako Masatu?"

Nikamjibu kwa heshima zote kwamba itawezekana. Moyoni nikasema Masatu hatamwendesha shemeji yangu nikiwa hai.

Nikaenda Mugango kwa mama yangu. Upande wa mama ni wafugaji, na mama alipoviona viti na nyufa zake alicheka.

"Hii ngozi inalia njaa," akasema. "Bibi yako alikuwaga anapaka ngozi samli, inalainika mpaka unambebea mtoto."

Akanipa chupa ya samli. Nikapaka viti vyote, nikaacha gari juani, ngozi ikanywa, nikapaka tena. Kweli ikalainika, na nyufa zikapungua. Nikaona hapa nina siri ambayo Masatu na hela yake ya sangara hana.

Kutoka hapo nikashuka Bunda kwa fundi mmoja aliyekuwa anashona viatu, mabegi na makochi. Ndiye aliyekuwa na rangi ya ngozi, ilikuwa inaingia kutoka Kenya. Akafungua mlango, akapitisha kidole kwenye kiti, akakinusa.

"Hii imepakwaga nini, mzee? Rangi haipatani na mafuta. Inatakiwa ioshwe kwanza, ikauke vizuri, ndiyo nipige."

Sasa hapa ndipo wivu uliponiponza. Malori ya samaki ya Masatu yalikuwa yanapita Bunda kwenda Mwanza. Nikajua nikimtajia huyu fundi samli ya bibi yangu, Masatu ataijua kabla sijafika nyumbani.

Nikamwambia haijapakwa kitu, apige rangi, harusi imekaribia.

"Rangi gani?"

"Damu ya mzee."

Akaniangalia, akatikisa kichwa, akaanza kazi. Na ilipotoka, jamani, ilipendeza. Njia nzima kurudi Musoma nilikuwa natazama viti kwenye kioo kuliko barabara. Nyangeta alipoviona alisema tu, "Haa, na wewe?" Nikachukulia ni sifa.

Siku ya harusi jua lilikuwa la kuchoma. Barabara ya Butiama kwenda Kiabakari ilikuwa vumbi tupu, kwa hiyo tukafunga vioo vyote gauni lisichafuke. Gauni lenyewe lilikuwa la kuazima, limetoka kwa ndugu zao Nairobi. Nyuma amekaa Wegesa na shangazi yake. Nyangeta yeye alipangiwa kupanda na akina mama kwenye gari la pili. La Masatu. Namuona kwenye kioo anacheka huko nyuma, sijui anachekeshwa na nini.

Katikati ya safari shangazi akavuta pua.

"Mkwe, mbona gari inanukia samli?"

Nikamwambia ni ya wageni, iko kwenye buti.

Tukafika. Bwana harusi yuko ndani, mama yake amesimama mlangoni pa kanisa na kundi lake. Nikamfungulia Wegesa mlango, vigelegele vikaanza. Akapiga hatua chache kwenda mbele, na vigelegele vya waliokuwa nyuma yake vikakata.

Gauni lote kwa nyuma, kuanzia kiunoni, lilikuwa damu ya mzee.

Mnaelewa wenyewe. Bibi harusi, gauni jeupe, rangi ile, na mahali penyewe. Wanawake wa upande wa pili wakaanza kunong'onezana. Wegesa akageuza shingo, akaona, akasimama pale pale, machozi yanamtoka. Mimi nikaweka kiganja kwenye kiti kuhakikisha, kikarudi chekundu, kinateleza samli. Joto lilikuwa limeitoa yote juu, imekuja na rangi yake.

Nyangeta alishuka kwenye gari la pili. Aliliangalia gauni mara moja, akarudi kwenye gari la Masatu. Nikamuona anavua vile vitambaa vya kufuma, na Masatu anamsaidia, anampa kimoja kimoja. Wanafanya haraka bila kuambiana, kila mmoja anajua kifungo kiko wapi. Nilisimama pale na mkono wangu mwekundu, ndoa ya mtu inaharibika, na mimi ninachoangalia ni hicho.

Akatoa pini kwenye pochi, akavipanga kuanzia mabegani mwa mdogo wake mpaka chini, vikashuka nyuma vizuri kabisa, doa lote likapotea. Akamfuta machozi, akamwambia, "Tembea." Akapiga kigelegele yeye mwenyewe, wengine wakaitikia.

Ndoa ikafungwa. Mama mkwe wa Wegesa akawa anauliza hiyo staili mmeitoa wapi.

Kutoka kanisani bibi na bwana harusi walipanda Toyota ya Masatu. Langu hakuna aliyelisogelea, hata wanakwaya. Nyangeta peke yake ndiye alitandika kanga kiti cha mbele akakaa. 

Nikamuuliza, "Ulijuaje vile vitambaa vinatosha mpaka chini?"

"Si nilifumaga mimi."

"Lini?"

"Alikuja nyumbani kuweka oda. Ulikuwa dukani. Vilipoisha akatuma kijana avichukue."

Nikakaza mikono kwenye usukani.

"Na ile rangi aliniuliza mimi, siku hiyo hiyo," akaendelea, kama anasimulia habari za mboga. "Gari ilikujaga na viti vya kijivu vimechubuka. Nikamwambia damu ya mzee itakubali. Akavipeleka kwa fundi wa Bunda, wakaviosha na sabuni mpaka mafuta yote yakaisha."

Kumbe viti vilivyoninyima usingizi vilikuwa vimepakwa rangi, na fundi wangu mwenyewe, kwa shauri la mke wangu mwenyewe.

"Sasa mbona mimi hukuniambia?"

"Wewe uliniulizaga?"

Nikabadilisha gia.

Baadaye nilirudi Bunda. Fundi alicheka kwanza, halafu akatoa ile rangi yote, akaosha na sabuni tena na tena, akaacha vikauke kabisa, ndipo akapaka upya kidogo kidogo. Safari hii rangi alichagua Nyangeta, akasema kahawia. Lile gari nililitumia mpaka nikaliuza na halikumchafua mtu.

Kwa hiyo mdau uliyeuliza, funzo ni hili. Usipake chochote chenye mafuta kabla ya rangi, fundi akikuuliza mwambie ukweli, na rangi muulize mkeo kabla mwingine hajamuuliza.

Masatu siku hizi anaishi Mwanza. Kila sikukuu anapiga simu, tunaongea, halafu anaomba amsalimie shemeji. Nampa. Ila naweka sauti ya nje, na mimi nisikie.

Nilitaka kuishia hapo, lakini Mama Neema amemaliza kusoma, amevua miwani, anasema nimekosea mahali pamoja. Masatu hakuja nyumbani mara moja, alikuja mara mbili. Nimemuuliza mara ya pili alifuata nini, amecheka, ameenda jikoni kuangalia chai.

Wakuu, oda ya vitambaa ilikuwa moja. Karibuni mnisaidie kufikiri.