Zamzam Kwenye Tangi la Kioo

Mmea wenyewe niliuokota dimbwini, nyuma ya mashamba ya mpunga kule Msambweni, nikaulea sebuleni kwetu Waa ndani ya tangi la kioo. Hauna mizizi. Huelea tu, na kwenye nyuzi zake una vifuko vidogo kama vichwa vya pini, ambavyo hufyonza viluwiluwi wa mbu kufumba na kufumbua. Mama alipoanza kuugua ini, akawa hashindi tena jikoni, kiti chake kilihamia mbele ya tangi. Kiluwiluwi akitoweka, mama alicheka: "Siku za mwizi ni arobaini."

Sharti la mmea huu ni moja, maji ya mvua peke yake. Maji ya kisima chetu yana chumvi na chokaa, yangeumaliza. Nilimwonya kila mtu nyumbani, na kwa ukali, maana mimi ni mtu wa hasira za karibu.

Mwaka huo mvua za vuli zilichelewa, mmea ukaanza kufifia. Mama mdogo, nduguye mama, alikuwa amerudi kutoka umra na chupa ya maji ya Zamzam, yale matakatifu ya Makka yanayoaminiwa kuponya, akamwachia mgonjwa wake ayanywe kidogo kidogo. Jioni moja nilirudi kutoka kazini hotelini, Diani, nikaukuta mmea umekuwa utelezi wa kahawia. Nilipouliza, mama alinionyesha chupa tupu.

"Niliutilia dawa juzi," akasema.

"Yote?"

"Yote. Mwili wangu umeshachoka, mwanangu. Ule bado ulikuwa unataka kuishi."

Ningelia, ningekuwa mtu. Badala yake nilimfokea. Nilimwambia maji yale yana madini mengi, kwamba dawa ya watu ni ya watu, si ya mimea, kwamba ameniulia kitu nilichokilea miaka miwili. Mama yangu mzazi. Akasema, "Nisamehe, mwanangu," kisha akaomba kiti chake kigeuzwe kielekee uani.

Mimi ndiye niliyestahili kuomba radhi, na nilijua. Nikasema kesho. Nikasema basi Ijumaa, siku yangu ya mapumziko. Ijumaa tukamzika.

Siku ya hitima mama mdogo alinishika mkono, macho yake yamevimba.

"Yale maji, mwanangu, aliwahi kuyanywa?"

"Aliyanywa, mama. Yote."

Akamshukuru Mwenyezi Mungu, akanikumbatia, akaniambia Mungu atanilipa kwa jinsi nilivyomtunza mama.